Klauni mgeni anapougua: tazama pumzi kwanza, ngozi baadaye

Samaki klauni akifika nyumbani akiwa dhaifu, usikimbilie dawa. Tazama anavyopumua. Vimelea vinavyowaua klauni wageni hushambulia matamvua mapema kuliko ngozi, amonia, sumu itokanayo na taka za samaki, nayo huchoma hapo hapo, na Nairobi yenyewe inampa samaki hewa pungufu. Jiji liko karibu mita 1,700 hadi 1,800 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni kama asilimia 82 ya ile ya Mombasa. Maji ya bahari ya nyuzi 26 yaliyoshiba hewa kule pwani hubeba takriban miligramu 6.6 za oksijeni kwa lita. Maji hayo hayo yakiwa Kilimani au Lang'ata hubeba kama 5.4. Kwa hiyo maelekezo yaliyoandikwa na watu wa usawa wa bahari yaongezee pampu ya hewa moja kabla hujayafuata.

Hesabu mara anazofungua na kufunga mashavu kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili, andika na saa. Rudia asubuhi na jioni, taa zikiwa zimewaka kwa muda ule ule. Mwelekeo una maana kuliko nambari moja: anayepanda kila siku anaugua hata kama ngozi inang'aa. Ukishindwa kuhesabu kwa sababu mashavu yanakwenda kasi mno, hiyo ni dharura tosha.

Jua pia umenunua nani. Klauni wanaovuliwa katika maji yetu, kuanzia Kwale hadi Kilifi, ni hasa Amphiprion allardi, mweusi wa kahawia mwenye mistari miwili myeupe, na Amphiprion akallopisos, wa rangi ya chungwa hafifu mwenye mstari mweupe mgongoni. Yule wa chungwa kali mwenye mistari mitatu, Amphiprion ocellaris, si wa pwani yetu. Huletwa kutoka nje, na wengi wao wamezalishwa katika matangi. Aliyevuliwa baharini huja na vimelea vingi zaidi na hajui chakula cha tembe. Aliyezalishwa anajua tembe, ila amepita katika matangi ya pamoja ya wauzaji, na ugonjwa ukiwa katika tangi moja kule, uko katika yote.

Anahema saa chache tu baada ya kufika

Hana doa, hana ute, lakini yuko juu ya maji anatweta, au amelala chini na matamvua mekundu sana. Hapa shuku mfuko aliosafiria kabla ya kushuku ugonjwa.

Samaki aliyefungiwa usiku kucha kutoka Mombasa hupumua humo humo. Kaboni dayoksaidi inajaa majini, pH inashuka, yaani maji yanakuwa na asidi zaidi. Taka zake zinakuwa amonia, lakini kwa pH ya chini amonia hiyo hukaa katika umbo lisilochoma sana. Ukifungua mfuko, kaboni inatoka, pH inapanda, na dakika chache baadaye amonia ile ile imekuwa sumu kali. Ndiyo maana desturi ya kumdondoshea maji tone kwa tone kwa saa nzima, ambayo haina ubaya kwa samaki aliyetoka duka la mtaa wa pili, inamchoma aliyekaa mfukoni saa nane au kumi.

Njia salama ni kulitayarisha tangi limfuate samaki. Mwombe muuzaji akwambie kipimo cha chumvi cha tangi lake (uzito wa maji yake ukilinganishwa na maji matamu) siku moja kabla. Wengi huweka 1.018 hadi 1.020, ama kuokoa chumvi ama kuwabana vimelea. Weka tangi la karantini katika kipimo hicho hicho. Mfuko uelee dakika 20 ukiwa umefungwa ili joto lilingane, kisha ufungue, upime chumvi haraka, umkamate kwa kikombe au kwa mkono wenye maji na umtie tangini. Maji ya mfuko yamwagwe. Usitumie wavu: klauni ana miiba midogo kwenye mashavu inayonasa, na ukimvuta unamchana. Baada ya hapo pandisha chumvi kidogo kidogo, isizidi 0.002 kwa siku, mpaka 1.025. Kupandisha kwa ghafla humkausha samaki kwa ndani, kushusha anakuvumilia.

Kama ameshachomwa, mhamishie maji mapya yenye amonia sifuri, mawe mawili ya hewa, taa zizimwe, chakula hapana kwa siku hiyo. Kipimo cha amonia kikionyesha kijani chochote, hata hafifu, hiyo si sifuri. Aliyechomwa kidogo hutulia ndani ya siku moja au mbili. Asiyetulia ana jambo jingine, na hapo ndipo unapoanza kufikiria vimelea.

Wapo pia wanaofika na kushindwa kushuka chini: wanapiga mkia, wanazama kidogo, wanarudi juu kama kizibo. Samaki aliyefungwa pwani kibofu chake cha hewa kimepangwa kwa shinikizo la hewa la pwani. Akipandishwa huku juu hewa iliyomo inatanuka, kama mfuko wenyewe unavyofika ukiwa umevimba. Klauni hawezi kuicheua. Lazima damu iinyonye polepole. Mpe siku moja katika tangi tulivu lisilo na mkondo mkali. Kumsukuma chini au kumtoboa, kama wengine wanavyoshauriana, ni kumuua.

Na ikiwa samaki wote wa nyumba wanahema kwa pamoja, mgeni na mwenyeji, waza juu ya hewa ya chumba. Dawa za kupulizia mbu na mende nyingi zina pairethroidi, sumu kali mno kwa samaki, na pampu ya hewa huivuta kutoka chumbani na kuipuliza ndani ya maji. Badili nusu ya maji, weka makaa ya kuchujia, fungua madirisha. Coili ya mbu chini ya meza ya tangi hufanya vivyo hivyo polepole.

Yanayofanana na ugonjwa

Klauni huogelea vibaya kwa asili. Hutikisa kiuno, hukaa kona moja siku nzima, hulala ubavu juu ya sponji usiku, na asubuhi mwenye nyumba anampigia muuzaji simu. Wakiwa wawili, mdogo hutetemeka mwili mzima mbele ya mkubwa kwa sekunde mbili tatu: anamkubali kuwa jike, maana klauni wote huanza wakiwa madume na mkubwa wao ndiye anayegeuka jike. Madoa meusi kwenye ngozi ya klauni aliyeanza kukumbatia anemoni au tumbawe ni alama za kuchomwa na kiumbe huyo, na huisha yenyewe. Asipokula siku ya kwanza na ya pili, hilo peke yake si ugonjwa.

Mapezi yaliyochanika huku mmoja amejibana kona ya juu, pumzi ikiwa ya kawaida: anapigwa. Watenganishe kwa kipande cha plastiki chenye matundu.

Tangi la wagonjwa

Hakuna tiba kati ya zinazofuata hapa chini inayofanywa katika tangi kubwa lenye mawe na matumbawe. Shaba, moja ya dawa hizo, huua konokono, kamba na matumbawe, kisha mawe huinyonya na kuiachilia baadaye kwa kiasi usichokijua. Formalini na dawa za bakteria huwaua bakteria wanaokula amonia, na samaki uliyemponya kwa ugonjwa anakufa kwa amonia.

Fundi wa vioo akukatie tangi la sentimita 60 kwa 40, kimo 30. Maji yakifika sentimita 25 unapata lita 60 kamili, na hesabu zote za chini zinakuwa rahisi. Ndani yake: kichujio cha sponji kinachoendeshwa na pampu ya hewa, jiwe la hewa la pili, hita ya wati 100, kipimajoto, na viwiko viwili vya bomba la PVC ili apate pa kujificha. Mchanga hapana, mawe hapana. Mfuniko ni lazima, kwa sababu klauni mgonjwa huruka. Sponji nzuri ni iliyokaa wiki nne au zaidi ndani ya tangi kubwa lenye afya, maana tayari ina bakteria. Ukiwa huna, badili lita 20 kila siku bila kukosa. Hiyo ni mtungi mmoja wa kawaida wa maji pamoja na takriban gramu 700 za chumvi ya akwariamu. Chumvi ya mezani haina kazi hapa.

Kuhusu maji hayo: ya mfereji huja na klorini, na ya visima vya Nairobi mengi yana floraidi nyingi. Maduka ya kujaza maji ya mitaani husafisha kwa osmosi, lakini baadhi huongeza madini ili yanoge. Nunua kipima madini kidogo cha mkononi na upime mbele ya muuzaji; ukikuta zaidi ya miligramu 10 kwa lita tafuta duka jingine. Mtungi uwe haujawahi kubeba sabuni wala mafuta. Koroga chumvi kwa pampu usiku kucha, na upime kwa rifraktomita iliyorekebishwa kwa maji maalum yenye chumvi ya sehemu 35 kwa elfu, kwa sababu haidromita za plastiki zenye mshale hudanganya kwa urahisi. Hewa ya Nairobi ni kavu kiasi. Kinachopungua tangini kila siku ni maji, si chumvi, kwa hiyo jaziliza kwa maji matamu.

Joto liwe nyuzi 25 au 26. Ushauri wa kupandisha hadi 30 ili kuharakisha vimelea ulitoka kwa wafugaji wa samaki wa maji matamu. Katika tangi la bahari lililo juu kama huku, nyuzi 30 zinapunguza oksijeni hadi kama miligramu 5.1 huku samaki mwenye matamvua yaliyoharibika akihitaji zaidi, na vimelea vya bahari vinazaana kwa raha.

Stima ikipotea, hewa ndiyo ya haraka; joto linaweza kungoja saa kadhaa. Pampu ndogo ya betri inatosha. Ukikosa, chota maji kwa jagi na kuyamimina kutoka kimo cha sentimita 30, mara ishirini, kila robo saa. Usiku wa Julai funika tangi kwa blanketi pande zote ukiacha juu wazi, na uelee chupa ya maji moto iliyofungwa vizuri.

Ute, vumbi na chembe

Siku ya pili hadi ya saba ndipo ngozi inapoanza kusema. Zima taa za chumba, mmulike samaki kwa tochi kutoka ubavuni, na utazame kwa pembe. Vitu vitatu vinafanana kwa mbali na vinatofautiana sana kwa karibu.

Ukiona ngozi imefifia, halafu ute mzito wa kijivu au mweupe unaoanzia kichwani na mashavuni, unasambaa kwa mabaka na kumenyuka kama ngozi iliyoungua, hiyo ni Brooklynella hostilis. Vimelea hivi hupenda klauni kiasi kwamba wengi wanauita ugonjwa wa klauni. Havina hatua ya kujificha katika yai wala kifuko: kimoja hugawanyika viwili pale pale juu ya samaki, na kwa hiyo hesabu yake hupanda haraka ajabu. Toka ute wa kwanza mpaka kifo huwa siku moja hadi tatu. Shaba haivitibu, na kupunguza chumvi hakuvitibu. Siku nyingi hupotea kwenye hizo mbili.

Tiba yake ni kuogesha kwa formalini ya asilimia 37, inayopatikana katika maduka ya kemikali za maabara. Ile iliyochanganywa na rangi na viungo vingine kwa ajili ya kuhifadhia maiti haifai. Chupa yenye mashapo meupe chini itupwe. Mashapo hayo ni sumu zaidi kuliko formalini yenyewe. Kemikali hii husababisha saratani na huchoma macho na mapafu, kwa hiyo glavu, madirisha wazi, mbali na jikoni na watoto.

Weka lita 10 za maji ya chumvi kwenye ndoo, joto na chumvi sawa na alikotoka. Washa mawe mawili ya hewa kwa dakika kumi kabla. Pima mililita 1.5 za formalini kwa sirinji, changanya vizuri, ndipo umtie samaki. Kuna vipimo vinavyofika 2.5 kwa lita 10, lakini hivyo ni vya maji baridi. Katika maji ya nyuzi 26, na katika mwinuko huu, baki kwenye 1.5. Kaa naye dakika 30 hadi 45 bila kuondoka. Akilala ubavu, au akirukaruka kisha akalegea, mtoe papo hapo. Ute utamwagika majini kama mvuke, na hiyo ni dalili njema. Asirudi alikotoka: aingie tangi lililosuguliwa na kukaushwa, lenye maji mapya. Kosa linalorudisha ugonjwa kuliko yote ni kumwogesha vizuri kisha kumrejesha katika maji yenye vimelea vile vile. Rudia baada ya saa 48, kisha tena, jumla mara tatu.

Formalini ikikosekana leo na samaki hawezi kusubiri kesho, mchovye katika maji matamu. Lita nne za maji ya osmosi, joto lile lile, robo kijiko cha chai cha bekabonati ya soda ili pH ifike karibu 8.2, hewa kali kwa dakika kumi kabla. Mtie dakika tatu hadi tano. Nusu dakika ya kwanza ataonekana kama amekufa, kisha atatulia, asipotulia, mtoe. Hii inampunguzia mzigo, haimponyi. Baada yake tumia metronidazoli katika tangi la wagonjwa, tembe moja ya miligramu 200 kwa kila lita 30, yaani mbili kwa tangi letu. Isage, iyeyushe katika maji moto kidogo, mimina. Kila saa 48 badili theluthi ya maji na utie dozi mpya, kwa siku kumi. Waeleze mafamasia ni ya samaki. Wameshasikia makubwa zaidi.

Ukiona vumbi laini sana, kama unga wa dhahabu au sukari ya kusagwa, linaloonekana kwa tochi tu, na samaki anajificha na mwanga au anasimama mbele ya mkondo wa pampu akinywa maji, hiyo ni Amyloodinium ocellatum. Huanzia matamvua. Wengi hufa kabla vumbi halijaonekana, na kutoka kuhema mpaka kifo zinaweza kuwa saa 48 tu. Kifuko kimoja hutoa hadi vijana 256, ndiyo maana jana alikuwa mmoja na leo ni wote. Hapa shaba ndiyo dawa. Shaba ya kawaida isiyofungwa huwekwa kati ya miligramu 0.15 na 0.20 kwa lita. Zile zilizofungwa kwa kemikali nyingine zina kipimo chao kwenye chupa, kikubwa zaidi, na usichanganye hesabu hizo mbili. Fikia kipimo kwa siku mbili kama anahema vibaya, siku nne kama bado ana nguvu, kisha kishikilie siku 30 bila kushuka hata siku moja. Kipime kila siku. Huna kipimo cha shaba, huna tiba ya shaba: chini ya 0.15 haifanyi kitu, juu ya 0.25 inamlewesha samaki.

Mrututu wa agroveti una shaba, ni kweli, lakini usafi wake haujulikani, na kopa ya kunyunyizia kahawa ni kitu kingine kabisa. Usitie dawa ya kuua klorini au ya kufunga amonia katika maji yenye shaba. Baadhi huigeuza shaba kuwa aina kali zaidi. Wala usimwogeshe kwa formalini ndani ya maji yenye shaba. Kumwogesha huko kufanyike katika ndoo tofauti.

Ukishindwa kutofautisha ute na vumbi, na samaki ni klauni, anza na formalini. Inawaangusha vimelea vya vumbi pia kwa muda, na inakupa siku moja ya kuona vizuri kabla ya kuamua juu ya shaba.

Chembe za tatu ni rahisi: nyeupe, zimeinuka, ukubwa wa chumvi ya mezani, unaweza kuzihesabu. Cryptocaryon irritans. Huyu anakupa muda, na ndiye anayewadanganya watu zaidi, kwa sababu chembe hukaa siku tatu hadi saba kisha zinatoweka. Mwenye nyumba anashukuru dawa ya mitishamba aliyotia. Kumbe vimelea vimeshuka chini, vimejifunga kwenye kifuko, na baada ya siku kadhaa kila kifuko kinarudisha mamia.

Kwa Cryptocaryon, njia ya mabeseni inafaa sana hapa kwetu kwa sababu haihitaji dawa wala kipimo cha dawa. Nunua mabeseni mawili ya plastiki ya lita 30 yenye mifuniko, hita mbili, mawe mawili ya hewa. Samaki anakaa la kwanza saa 72, asizidi, kisha anahamia la pili lenye maji mapya. La kwanza linasuguliwa na kuanikwa juani likauke kabisa pamoja na vifaa vyake. Hivyo hivyo mara nne, jumla makao matano, siku kumi na mbili hadi kumi na tano. Kila vimelea vinavyoanguka vinaachwa nyuma kabla havijaangua. Maji yote ni lita 150, chumvi kama kilo tano na robo. Hamisha wakati ule ule wa siku, na tone la maji ya zamani lisimfuate. Njia hii haifanyi kazi kwa ute, na kwa vumbi usiitegemee.

Anatikisa kichwa, anajikwaruza, macho yana ukungu

Ngozi safi, lakini anajigonga kwenye bomba na kupiga miayo: minyoo bapa ya matamvua na ngozi. Mchovye dakika tano katika maji matamu kwenye chombo cheusi. Minyoo ikiwapo utaiona chini kama magamba madogo meupe kama ufuta. Kisha prazikwanteli miligramu 2.5 kwa lita, ambayo kwa lita 60 ni robo ya tembe ya miligramu 600 ya kichocho. Haiyeyuki vizuri majini. Isage na uiloweke katika vodka kijiko kimoja kwanza. Mayai hayafi, kwa hiyo rudia baada ya siku tano hadi saba. Usitumie dawa ya minyoo ya mbwa au mbuzi, kwa kuwa nyingi zimechanganywa na dawa nyingine.

Jicho moja lenye ukungu ni jeraha, maji safi yanatosha. Yote mawili ni maji mabaya au minyoo hiyo.

Uvimbe mweupe kama ua la koliflawa kwenye pezi husababishwa na virusi. Hauna dawa na hauhitaji, huondoka baada ya wiki au miezi. Kidonda chekundu kinachopanuka ubavuni ni habari nyingine na kinahitaji dawa ya bakteria katika tangi la wagonjwa siku hiyo hiyo.

Hali chakula, au anakula na kukonda

Siku ya tatu bila kula ndipo uanze kuhangaika. Aliyevuliwa baharini mpe kamba mbichi wa sokoni, bila viungo, aliyekatwa vipande vidogo kama jicho la samaki na kusuuzwa, au atemia hai (kamba wadogo sana) wakipatikana. Vipande vitatu vinne, mara tatu kwa siku, na kilichobaki kinyonywe baada ya dakika kumi. Anayetia chakula mdomoni na kukitema ana njaa, punguza ukubwa. Asiyegeuka hata kutazama ni mgonjwa, rudi kwenye kuhesabu pumzi.

Anayekula vizuri huku mgongo unachongoka na kinyesi ni uzi mrefu mweupe ana vimelea vya tumboni. Metronidazoli hapa iingie kwa mdomo: robo ya tembe ya miligramu 200 kwa gramu tano za chakula, ifungwe kwa jelatini isiyo na sukari, apewe siku kumi. Uzi mweupe kwa samaki ambaye hajala siku mbili hauna maana. Utumbo mtupu hutoa hivyo.

Tangi kubwa

Kama mgonjwa alipitia humo kabla hujamtenga, samaki wote watoke na watibiwe, na tangi libaki bila samaki. Kwa ute na vumbi, wiki sita. Kwa Cryptocaryon siku 76, kwa sababu kifuko kimewahi kuchelewa kuangua hadi siku ya 72. Konokono, kamba na matumbawe wabaki, na uwape chakula kidogo kila siku mbili ili bakteria wasife njaa. Mikono na vifaa vya tangi la wagonjwa visivuke upande huu vikiwa vimeloa. Matumbawe na konokono wapya nao wanahesabiwa: chochote kinachoingia kikiwa kimeloa kutoka tangi lenye samaki kinaanzisha siku 76 upya.